Other Voices, Other Rooms ya Nanci Griffith: heshima kwa watunzi au kalamu imekauka?

Mtunzi anayejulikana kwa nyimbo zake mwenyewe akitoa albamu ya kava, yaani ya nyimbo za watu wengine, maneno huwa ni yale yale. Wapo watakaosema kaishiwa, kalamu imekauka, anajishikiza kwenye nyimbo za watu mpaka zake zirudi, na wapo watakaosema hapana, huyu anawashukuru waliomfundisha kazi. Mimi kwenye ubishi huu huwa narudi kwenye albamu moja, Other Voices, Other Rooms ya Nanci Griffith iliyotoka 1993, nyimbo 17 na hakuna hata moja aliyoiandika yeye, maana humo ndani hoja za pande zote mbili zina mashiko na bado naona upande mmoja unashinda, ila sio kwa sababu ambayo watu wengi huitoa.

Tumweke kwanza mahali pake. Nanci alizaliwa Seguin, Texas, 1953, akafariki Nashville Agosti 2021, na muziki wake ulikuwa foku iliyochanganyika na kantri, gitaa na hadithi za watu wa kawaida. Ni mtunzi kweli kweli, hilo halina mjadala. Love at the Five and Dime aliiandika yeye akairekodi yeye, halafu 1986 Kathy Mattea akaichukua ikawa hiti kubwa ya kantri. Outbound Plane, aliyoiandika na Tom Russell, ikambeba Suzy Bogguss. Na yeye pia alishaimba ya wenzake mapema, From a Distance ya Julie Gold ni Nanci aliyeitoa kwanza 1987, lakini ulimwengu ukaja kuijua 1990 kwa sauti ya Bette Midler. Yaani huyu mama biashara ya kava aliijua kutoka kila upande, nyimbo zake zimepaa kwenye midomo ya wengine, na wimbo alioutangulia yeye mwingine akaja akaupeleka mbali zaidi.

Sasa tuwasikilize wanaolalamika, maana sio wajinga. Wa kwanza anasema tazama muda wenyewe. Miaka michache kabla ya hapo Nanci alikuwa amejaribu kusogea kwenye pop, Storms ya 1989 na Late Night Grande Hotel ya 1991, sauti zikawa za kung'aa zaidi na mashabiki wa zamani wakaanza kunung'unika, halafu ghafla kabadilisha lebo kutoka MCA kwenda Elektra, kamrudia prodyuza wake wa zamani Jim Rooney, na albamu ya kwanza huko ni ya nyimbo za watu. Mtu akiniambia ile ilikuwa njia ya kujisafisha mbele ya watu wa foku sina cha kumkatalia, na ilifanya kazi kweli, 1994 ikampa Grammy ya albamu bora ya foku ya kisasa. Lakini pia sioni dhambi yoyote hapo, msanii akipotea njia ni haki yake kurudi pale alipoanzia, na kuanzia kwa waliomfundisha ni njia nzuri kuliko nyingi.

Lalamiko la pili ndilo linalonigusa zaidi, kwamba heshima ikizidi inakuwa pingu. Nanci aliwaita wenye nyimbo zao waje studio. Speed of the Sound of Loneliness ni ya John Prine na Prine yumo anaimba naye. Boots of Spanish Leather ni ya Bob Dylan na Dylan ndiye anayepuliza kinanda cha mdomo. Inapendeza, inagusa, lakini jiulize, mwenye wimbo akiwa hapo hapo anakutazama, nani atathubutu kuubomoa na kuujenga upya? Ndiyo maana nyimbo kadhaa zimebaki karibu sana na zilivyokuwa, zimepangwa vizuri, zimepigwa vizuri na wanamuziki wanaojua kazi, na ukimaliza kusikiliza unabaki unajiuliza tumeongezewa nini. Kava inayosimama ni ile inayokufanya usikie jambo ambalo halikusikika kwenye ya kwanza, na humu sio zote zinazofika hapo.

Halafu kuna suala la sauti yenyewe. Nanci ana sauti nyembamba, ya juu, kama ya binti, yenye lafudhi ya Texas, na wapo wanaosema haiwezi kubeba nyimbo nzito. Kwa Do Re Mi ya Woody Guthrie, mkongwe wa foku ya Marekani, nakubaliana nao kabisa. Ule ni wimbo kutoka albamu yake ya 1940 kuhusu wakulima waliokimbia vumbi na ukame huko Oklahoma na majirani zake wakielekea California, na walipofika mpakani wakaambiwa kama huna pesa rudi ulikotoka, na hii haikuwa hadithi ya kutunga, 1936 polisi wa Los Angeles walitumwa mpaka kwenye mipaka ya jimbo kuwazuia watu maskini wasiingie. Guthrie mwenyewe aliuimba kwa mzaha, lakini chini ya mzaha kulikuwa na hasira ya mtu aliyeyaona. Kwa Nanci mzaha umebaki na hasira imetoka.

Lakini sauti hiyo hiyo ipeleke kwenye Tecumseh Valley uone. Wimbo ni wa Townes Van Zandt, mtunzi wa Texas, naye aliurekodi mara mbili, 1968 na tena 1969. Unamhusu Caroline, binti wa mchimba madini, anaondoka kwao kwenda kutafuta kazi, anaipata kwenye baa, anaweka akiba ili arudi kwa baba yake, halafu habari zinakuja kwamba baba kafariki na baada ya hapo hakuna tena cha kurudia, anaishia kujiuza mitaani na mwisho anakutwa amekufa. Townes anauimba kama mtu anayesoma taarifa ya msiba, macho makavu, hamuonei huruma wala hamhukumu, na ndiyo nguvu yake. Nanci, akiwa na Arlo Guthrie, mtoto wa Woody, pembeni, anauimba kama mtu aliyewahi kulala chumba kimoja na Caroline, na kwa vile sauti yake ni ya binti, unafika mahali unahisi anayesimuliwa ndiye anayesimulia. Hapa hajabadilisha kitu kwenye melodi, kasi ni ile ile ya taratibu, na bado wimbo umekuwa mwingine kabisa kwa sababu tu aliyefungua mdomo ni mwanamke. Boots of Spanish Leather nayo imepata kitu kama hicho, ni wimbo wa wapenzi wawili wanajibizana, mmoja anasafiri kwa meli na mwingine anabaki, na tumezoea kusikia mwanaume ndiye aliyeachwa, sasa mwanamke akiimba sehemu zote mbili huna tena uhakika nani anamwacha nani.

Tuje kwenye pesa, na hapa ndipo naona hoja ya kusema kava ni uvivu inaanza kuyumba. Sheria ya Marekani ni kwamba wimbo ukishatolewa kwenye rekodi mara ya kwanza, mtu yeyote anaweza kuurekodi upya bila kumbembeleza mwenyewe, mradi afuate taratibu na alipe kiwango kilichowekwa kwa kila nakala inayosambazwa. Kiwango hicho kilikuwa senti 2 tangu 1909 mpaka 1978, na 1993 kilikuwa senti 6.25. Piga mara 17 unapata zaidi ya dola 1 kwa kila nakala ya albamu, inaenda kwa watunzi na wachapishaji wao na sio kwa Nanci. Sasa ongeza hili, mikataba mingi ya wakati ule lebo ilikuwa inalipa robo tatu tu ya kiwango kwa nyimbo ambazo msanii kaandika mwenyewe, lakini nyimbo za watu wengine kwa kawaida zinalipiwa kamili. Na wimbo ukipigwa redioni Marekani anayelipwa ni mtunzi, mwimbaji hapati kitu. Kwa hiyo mtunzi anayeamua kujaza albamu nzima kwa kazi za wengine anaiacha mezani sehemu ya kipato ambayo ndiyo huwa inawaweka watunzi mjini. Uvivu wa namna hiyo ni wa gharama sana.

Na ukiangalia pesa na masikio ya watu yalielekezwa kwa nani, ndo utaona alichokuwa anakifanya. Angetaka usalama angechagua nyimbo 17 ambazo kila mtu anazijua. Badala yake kafungua na Across the Great Divide ya Kate Wolf, mwanamama wa California aliyekufa kwa leukemia 1986 akiwa na miaka 44, maisha yake yote kwenye lebo ndogo ndogo. Wimbo wa pili ni wa Vince Bell, na huyu ngoja nimuongelee kidogo. Vince ni mtunzi wa Texas, mwishoni mwa 1982 gari lake likagongwa na dereva mlevi, akaumia vibaya sana mpaka ikabidi ajifunze upya kuongea na kushika gitaa, na kwa miaka mingi jina lake likabaki linajulikana na watunzi wenzake tu. Nanci akauweka Woman of the Phoenix kwenye albamu hii 1993, na albamu ya kwanza ya Vince mwenyewe ikatoka 1994. Siwezi kusema moja ilileta nyingine, ila ukiwa mtu uliyepotea miaka zaidi ya kumi halafu wimbo wako unakaa pembeni ya wa Townes na wa Dylan kwenye albamu yenye Grammy, hicho sio kitu kidogo. Wamo pia Frank Christian na Buddy Mondlock, majina ambayo wengi wetu tusingeyajua kabisa.

Tofauti hii inaonekana vizuri ukimuweka Dylan pembeni, maana naye miaka hiyo hiyo alikuwa anaimba vya watu. Albamu yake ya 1992, Good as I Been to You, jaladani mipangilio ya nyimbo zote iliandikwa ni yake, wakati wasikilizaji wa foku waliona wazi kwamba Arthur McBride kwa mfano inafuata namna alivyoipiga Paul Brady wa Ireland. Watu wakasema. Iliyofuata, World Gone Wrong ya 1993, akaandika maelezo marefu mwenyewe akieleza nyimbo kazitoa wapi. Mimi zote mbili nazipenda, ila ile ya pili naisikiliza kwa moyo mweupe zaidi. Kumtaja mtu hakugharimu kitu, na bado watu wanashindwa.

Na hapo ndipo inapokuja Wimoweh, wimbo wa mwisho wa albamu, na ndo mahali ambapo hata mimi mtetezi napata shida. Sote tunajua ulikoanzia, ni Mbube ya Solomon Linda, Mzulu aliyeurekodi Johannesburg 1939 na kundi lake la Evening Birds, haki zake akaziuza kwa lebo kwa shilingi 10. Pete Seeger na kundi lake la foku la Marekani, The Weavers, wakautoa 1952, utunzi ukaandikwa kwa jina la Paul Campbell ambalo ni jina la bandia la kundi, Seeger akasema Linda atumiwe pesa na alimtumia dola 1,000, lakini mfumo mzima ulikuwa umeshakaa vibaya. The Tokens wakaufanya hiti ya dunia 1961, Linda akafa 1962, na familia yake ikasubiri mpaka 2006 ndipo wakafikia makubaliano ya kulipwa. Sisi wasikilizaji wa Kiswahili tunaijua kadhia ya namna hii kwa Malaika, kuanzia Fadhili William na ubishi wa nani mtunzi, mpaka Makeba, Belafonte na Boney M.

Kwa haki, 1993 habari ya Linda ilikuwa haijafahamika kama ilivyokuja kufahamika baada ya 2000, kwa hiyo simhukumu Nanci kwa asiyoyajua. Ila albamu ambayo kazi yake yote ni kusema wimbo una mwenyewe, kuifunga kwa marafiki wamejaa studio wanaimba kwa furaha wimbo wa mtunzi aliyedhulumiwa kuliko wote walioko humo, hilo linauma ukilijua. Na kimuziki pia ndo kipande dhaifu, kimekaa kama cha kuagana mwisho wa shoo, falseto ya Linda, ile sauti ya juu kabisa inayopanda juu ya besi za wenzake haina mrithi humo.

Nanci alirudia tena 1998 na Other Voices, Too, wageni wengi zaidi, wanapokezana beti mpaka yeye mwenyewe unamtafuta kwenye albamu yake. Kile kilichofanya ya 1993 isimame, mwanamke mmoja anayejua kwa nini kauchagua huu na sio ule, pale kimefifia. Anayesema albamu za kava ni za kujaza nafasi naweza kumkabidhi hiyo kama ushahidi wake.

Ya 1993 hapana. Naiweka juu ya albamu zake nyingi zenye nyimbo zake mwenyewe, pamoja na Do Re Mi iliyokosa hasira, na Wimoweh ningeitoa, albamu iishie kwenye Turn Around, wimbo unaoitangulia. Kama hujawahi kuisikia usianzie na Dylan wala Prine kwa sababu unawajua tayari. Sikiliza Woman of the Phoenix, halafu itafute albamu ya Vince Bell ya 1994 umsikie mwenyewe.