Amplifaya kutowaka siyo kufa

Juzi ndugu yangu mmoja kanipigia simu anataka nimchagulie amplifaya mpya. Nikamuuliza ile ya zamani ina nini, ile nzito ambayo mtu mmoja akiibeba peke yake lazima apumzike njiani, akanijibu imekufa, haiwaki, nimeipeleka kwa fundi kasema tupa tu hiyo, vipuri vyake havipo tena. Nikamuuliza fundi alipoifungua alikuta nini. Hajaifungua. Yaani kaiweka mezani, kabonyeza swichi, taa haikuja, hukumu ikatoka hapo hapo.

Nilikasirika na mpaka sasa sijapoa, ndo maana naandika. Daktari gani anatangaza mtu kafariki bila hata kushika mshipa?

Msimamo wangu ni huu na siubadilishi: swali la nitengeneze au ninunue nyingine halina jibu mpaka kifuniko kitoke na mita ya kupimia umeme iguse ndani. Kabla ya hapo kila anachosema mtu ni kubahatisha, awe fundi, awe muuzaji, awe shemeji yako mwenye uzoefu. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kutowaka kabisa, ile hali ya kimya bila hata taa, mara nyingi ni ugonjwa mwepesi kuliko amplifaya inayowaka halafu inakoroma au upande mmoja umepotea. Kama hakuna dalili yoyote ya uhai mara nyingi maana yake umeme umekatika mahali fulani kati ya plagi na bodi, na njia hiyo ni fupi sana: waya wa plagi, fyuzi, swichi, transfoma. Vitu vinne. Unashindwaje kuvipima?

Kuna kipimo ambacho hata kifuniko hakihitaji. Chomoa plagi ukutani, iache swichi ya amplifaya iko on, weka mita kwenye ohm, yaani kupima ukinzani, halafu gusa pini mbili za plagi. Ukipata ohm chache njia ya umeme mpaka kwenye transfoma kubwa ni nzima, ukipata mamia kidogo huenda unasoma katransfoma ka standibai, ile sehemu inayobaki na umeme ikisubiri rimoti, na kama mita haisomi chochote basi kuna mahali pamekata na sasa unajua pa kuanzia (zile zenye pawasaplai ya kisasa isiyo na transfoma kubwa zitakudanganya hapa, hizo ni habari nyingine). Ni kipimo cha dakika moja. Huyo fundi hakukifanya.

Sasa tuje kwenye fyuzi, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo amplifaya nyingi zinapouawa na watu wanaodai wanaziokoa. Fyuzi haifi yenyewe bila sababu. Ndio, zipo zinazochoka kwa uzee tu, ukiiangalia ndani ya kioo waya umekatika katikati taratibu na kioo ni safi, hiyo badilisha na mara nyingi maisha yanaendelea. Lakini ukikuta kioo kimekuwa cheusi au kina rangi ya fedha kwa ndani, hiyo imepigwa na shoti kubwa, na kuweka mpya bila kutafuta shoti iko wapi ni kuchoma fyuzi nyingine kwa makusudi. Halafu anakuja mtu anasema hii ya ampea 4 inakata kata, tuweke ya 10. Au anafunga karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Jamani! Fyuzi ndo kitu pekee kinachosimama kati ya transista (kipande kinachokuza umeme wa sauti) iliyopiga shoti na transfoma yako, na transfoma ikiungua hapo ndipo kweli unaweza kusema kwaheri, kwa sababu ni kati ya vipande vigumu kuliko vyote kuvipata. Fyuzi inarudishwa ya ampea ile ile na aina ile ile, ikiandikwa T weka T, ile inayovumilia mshtuko wa kuwasha, maana transfoma kubwa na kapasita tupu (vile vipande vinavyohifadhi umeme) zinavuta umeme mwingi sana sekunde ile ya kwanza na fyuzi ya haraka itakata hata kama mashine ni nzima.

Na kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza unapitisha umeme kwenye balbu. Balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, siyo LED, inafungwa kwa mfululizo kwenye waya unaoenda kwenye amplifaya, yaani umeme lazima upite ndani ya balbu kwanza. Kama ndani hakuna shoti balbu itawaka kwa nguvu kwa muda mfupi wakati kapasita zinajaa kisha itafifia. Kama inaendelea kuwaka kwa nguvu, zima, shoti bado ipo, ila hujaunguza kitu kingine maana balbu imebeba mzigo wote. Mi nasema fundi asiye na balbu hii mezani usimpe amplifaya yako, na sitanii hata kidogo.

Kingine ambacho watu hawakijui ni standibai. Amplifaya zenye rimoti nyingi zina katransfoma kadogo na bodi yake ambayo haizimwi kamwe, usiku na mchana iko kwenye umeme ili rimoti ifanye kazi, na hiyo ndiyo inayoamsha relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ya transfoma kubwa. Kapasita za hapo zinakaa kwenye joto miaka yote. Nyingi zimeandikwa nyuzi joto 85 na kiwanda kinaziahidi saa 1,000 au 2,000 tu kwenye joto hilo, kila ukipunguza nyuzi 10 umri unaongezeka kama mara mbili, kwa hiyo zinadumu miaka mingi lakini siyo milele. Zikikauka, sehemu ya standibai inakosa nguvu ya kuvuta relei na mashine nzima inakaa kimya. Mashine yenye transfoma nzima, transista nzima, hitisinki (chuma cha kupoozea) ya kilo kadhaa, kila kitu kizima, inapelekwa jalalani kwa sababu ya kapasita moja ndogo kuliko ncha ya kidole. Hilo ndo linalonichoma moyo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za kielektroniki tani milioni 62 na chini ya robo yake ndo inajulikana kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa, sasa ndani ya mlima huo kuna amplifaya ngapi ambazo hazikufunguliwa?

Kama taa inawaka lakini ule mlio wa "tak" wa relei ya spika hauji baada ya sekunde chache, hiyo siyo kutowaka, mara nyingi hiyo inajilinda. Mwambie fundi hivyo hivyo.

Haya, nakubali, zipo za kuziacha. Bodi iliyoungua mpaka imekuwa mkaa. Resiva za sinema ambazo prosesa yake imekufa na hakuna anayeiuza. Zile zenye moduli za STK, kipande kimoja kilichobeba sehemu nzima ya kukuza sauti, ambazo hazitengenezwi tena, ambapo unachopata sokoni kwa kiasi kikubwa ni feki. Hata transista maarufu kama 2SC5200 na mwenzake 2SA1943 zimejaa feki kila kona, kipande cha silikoni ndani yake ni kidogo kuliko cha kweli, volyumu ikiwa chini inapiga vizuri, ukiongeza volyumu siku ya shughuli inalipuka na inaondoka na wenzake. Kwa hiyo kama matengenezo yanahitaji transista za pato, zile zinazosukuma spika, na fundi hawezi kukuambia kazitoa wapi, hapo hata mimi nasita. Na kama ni amplifaya nyepesi ya plastiki ambayo hukuipenda hata ilipokuwa nzima, sawa, nunua nyingine, sina ugomvi na wewe.

Lakini ile nzito ya transfoma, yenye bodi ya upande mmoja unayoweza kuifuata njia zake kwa macho, hiyo ilitengenezwa itengenezeke. Kitu cha gharama humo ndani ni chuma na shaba, na hivyo viwili ndo vinakufa mara chache. Ukimpelekea fundi muulize maswali mawili tu: nini kimekufa, na nini kimekiua. Akijibu la kwanza tu, bado hajamaliza kazi. Mdai na vipuri vya zamani akurudishie.

Ukiamua kufungua mwenyewe, kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita kubwa za mikrofaradi 10,000 zinaweza kubaki na volti za kutosha kuyeyusha ncha ya bisibisi, kwa hiyo usizipige shoti kwa chuma, tumia rizista (kipande kinachopunguza umeme) ya ohm mia moja hivi ya wati 5 au zaidi uishike kwa koleo lenye mpira, subiri, halafu pima uone zimeshuka. Kama huna mita usifungue.

Ndugu yangu nimemwambia asinunue chochote kwanza, aipeleke kwa mtu mwingine mwenye mita na balbu. Ikirudi inawaka asikimbilie kuunganisha zile spika zake nzuri. Spika zikiwa hazijafungwa na volyumu iko chini kabisa, apime volti za DC, umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, kwenye matundu ya spika kila upande baada ya relei kulia. Zikiwa chini ya milivolti 50 afunge spika apige muziki, zikiwa volti nzima nzima aizime na airudishe kwa fundi siku hiyo hiyo.