Seva ya Nyumbani: Mpya Isiyo na Feni au ya Ofisini Iliyotumika?

Mtu anayetaka kuweka seva nyumbani, ya kuhifadhia picha za familia, filamu na nakala za kazi zake, siku hizi hushauriwa anunue kompyuta mpya ndogo isiyo na feni, mara nyingi yenye prosesa (chipu inayoendesha kompyuta) ya Intel N100 iliyotoka mwaka 2023, kwa kuwa inakula umeme kidogo na haina kelele. Wapo wanaopinga, wakisema kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, kama ThinkCentre Tiny au OptiPlex Micro, inatosha na bei yake ni nafuu. Kwa maoni yangu hao wa pili wana hoja nzito zaidi, ingawa si kwa kila nyumba.

Kinachopotosha mjadala huu ni namba za kwenye boksi. Wati 6 za N100 na wati 35 za prosesa za ofisini zenye herufi T mwishoni mwa jina ni kipimo cha joto wakati wa kazi mfululizo, wala si umeme unaovutwa kwenye soketi. Seva ya nyumbani hushinda imekaa tu ikisubiri, na katika hali hiyo mashine hizi mbili hupishana kwa wati chache. Tuseme ni wati 5: kwa mwaka mzima ni uniti 44 hivi, ambazo kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wa daraja la kawaida la T1, anayelipa Sh292 kwa uniti kabla ya kodi, hazifiki Sh13,000. Aliyeongeza Sh200,000 ili apate mpya atasubiri miaka 15 hela yake irudi, na sidhani kama mashine yenyewe itafika huko.

Hesabu hugeuka tukija kwenye kompyuta kubwa ya zamani, ambayo wengi huifanya seva kwa sababu tayari wanayo. Ikila wati 60 bila kazi yoyote, hizo ni uniti 43 kwa mwezi. Nyumba iliyo daraja la watumiaji wadogo, D1, inayouziwa uniti kwa Sh100 mradi isizidi 75 kwa mwezi, itabakiwa na 32 za friji, feni na taa, na ikivuka hapo hupoteza nafuu yenyewe.

Kuhusu ukimya, mashine isiyo na feni hutegemea hewa inayoizunguka. Ukiifungia ndani ya kabati la televisheni kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, prosesa hupunguza kasi ili isiungue, wakati kifeni cha mashine ya ofisini hakisikiki penye pangaboi. Kelele hasa hutoka kwenye diski zinazozunguka, ambazo mtikisiko wake hupita kwenye mbao za kabati. Vipande vya ndala kuukuu chini ya kasha la diski huutuliza vizuri. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, haina sauti kabisa, ila kwa terabaiti nyingi bei yake inauma.

Anayetumia sola yuko tofauti. Zile wati 5 za ziada kwa saa 12 za giza ni wati-saa 60 kutoka kwenye betri kila usiku, na siku za mawingu betri hiyohiyo ndiyo inayowasha taa. Huyo, pamoja na anayelala chumba kimoja na seva yake, anunue mpya isiyo na feni, na aweke SSD.