Maji ya Nairobi hayafiki mia

Jumatano iliyopita, katika vipindi viwili vinavyofuata mapumziko ya saa nne, nilimwona kijana wa kidato cha tatu akifuta. Alikuwa ameandika 94.5 kwa penseli katika jedwali lake. Akafuta taratibu, akapuliza vumbi la raba, akaandika 100. Kipimajoto kilikuwa bado kimo ndani ya bika mbele yake, maji yanatokota, na ule uzi mwekundu umetulia tuli kati ya 94 na 95.

Nikainama, nikamuuliza kwa nini amefuta.

"Mwalimu, kitabu kinasema mia moja."

"Na kipimajoto kinasema nini?"

"Labda kimeharibika."

Nafundisha fizikia huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, na jibu hilo huniuma kuliko alama yoyote mbaya ya mtihani. Huyu ni mtoto makini. Amewasha taa ya spiriti vizuri, amesubiri, amesoma bila haraka. Lakini tangu shule ya msingi amefunzwa kwamba macho yake ni shahidi asiyeaminika. Yakipingana na kitabu, kosa ni la macho. Wanafunzi wenyewe wana neno lao: kupika. Unajua jibu linalotakiwa, unarudi nyuma, unapika namba hadi zilifikie. Nimeona grafu zilizopikwa zikanyooka kama reli, huku vifaa vya jaribio lenyewe vikiwa havijatolewa kabatini.

Kitabu hakikudanganya. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pale usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu yake, na kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kama nyuzi moja. Hewa juu yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hivyo mvuke hauhitaji nguvu nyingi kuisukuma na kutoka. Kijana yule alikuwa amepima mwinuko wa jiji lake kwa maji na moto, halafu akaufuta kwa raba.

Sikumweleza hayo. Ningemweleza, angekuwa amebadilisha kitabu kimoja kwa kingine, yaani mimi. Nilimtuma alete barafu kutoka friji ya chumba cha walimu. Tukaivunja, tukaitia katika glasi yenye maji kidogo, tukatumbukiza kipimajoto kilekile na kungoja. Kikasoma sufuri. Wenzake walikuwa wameshasogea. Msichana mmoja akasema polepole, kama anayejisemea, "Basi hakijaharibika." Ndipo nikawaomba vikundi vyote wasome upya, kila mtu peke yake, aandike bila kusema, kisha tulinganishe.

Nina wanafunzi 52 na vipimajoto 8. Hesabu hiyo si nzuri, na sitaki kuipamba: wa nyuma huona mabega ya wenzao. Kusoma kwa zamu ndiyo njia niliyoipata ya kuhakikisha kila jicho limefika kwenye mstari. Siku hiyo tulipata 94, 94.5 nyingi, 95, na 96 moja. Ile 96 ilitupa mazungumzo bora kuliko zote. Mwenye nayo alikuwa mrefu, amesoma akiwa wima, jicho likiwa juu ya alama. Nikamwambia apige magoti hadi jicho lilingane na uzi. Akapata 94.5, akacheka kwa furaha, akasimama na kupiga magoti tena mara mbili ili aione namba ikibadilika.

Swali likabaki ubaoni: kwa nini si mia? Hapo nilimwita mpishi wetu. Ni mama aliyepika miaka mingi Mombasa kabla ya kuja huku, na nilishawahi kumsikia akilalamika kuhusu maharagwe. Akasimama mlangoni, mikono bado ina unga, akawaambia: "Wanangu, maji ya huku hata yakichemka hayana ukali. Kule nilikuwa nikiinjika maharagwe, nikimaliza kazi zangu yameiva. Huku naongeza kuni na bado yananitazama." Darasa likanyamaza. Kuni hazisaidii, kwa sababu maji yakishachemka moto mkubwa huyakausha tu, hayapandi joto zaidi. Kijana mmoja akauliza kama ndiyo maana sufuria ya presha nyumbani kwao huivisha haraka. Nilitamani kumkumbatia.

Tulimalizia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, la kununua duka la dawa. Unavuta maji ya moto kidogo, yaliyopoa hadi nyuzi 70 hivi, unatoa hewa, unaziba mdomo kwa kidole, kisha unavuta mpini nyuma kwa nguvu. Presha ndani inashuka na maji yanachemka mkononi mwako. Viputo vinaruka, na kidole hakiungui. Wote 52 walitaka kujaribu, na kengele ilipolia hakuna aliyefunga daftari.

Mwenzangu mmoja huniambia kwamba dakika 80 kwa ajili ya nusu ukurasa wa silabasi ni anasa. Namheshimu, lakini sikubaliani naye hata kidogo. Karatasi ya tatu ya fizikia katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ni ya vitendo, saa mbili na nusu, alama 40. Niliwahi kufundisha katika shule ambako maabara ilifunguliwa kwa kidato cha nne muhula wa tatu tu, na watahiniwa wakakaririshwa majaribio yaliyokisiwa kuwa yatakuja. Waliingia chumba cha mtihani wakiogopa waya. Sasa tuna mtaala wa umilisi, na Gredi ya 10 ya kwanza imeanza Januari 2026. Jina jipya la mtaala halitasaidia chochote ikiwa mtoto atafika huko akiwa bado anafuta.

Kuna kazi za bei ndogo kabisa. Mwezi jana tulining'iniza nati kubwa, niliyopewa na fundi wa jua kali Kamukunji, kwa uzi wa mita moja, halafu wa mita nne kutoka ghorofa ya juu ya ngazi. Karibu wote walitabiri kwamba muda wa kuyumba ungekuwa mara nne. Ukawa mara mbili: sekunde 2, kisha 4. Walirudia mara tatu wakidhani wamehesabu vibaya, na mara hii hakuna aliyepika.

Likizo imekaribia. Msichana yule wa barafu anakwenda kwa nyanya yake Mombasa, na kijana wa raba anakwenda kwao Nyahururu, takriban mita 2,300 juu. Wameniomba vipimajoto. Nimewapa viwili, vya spiriti si vya zebaki, vimeviringishwa kwa soksi ndani ya mirija ya plastiki. Kabla ya kuondoka kila mmoja ameandika utabiri wake nyuma ya daftari: msichana 100, kijana 92. Kijana ameandika kwa kalamu ya wino.