Jeti Isipovunjika Kwenye Kompyuta: Uthabiti au Gridi Nene?

Galaksi ya M87 inarusha jeti, yaani mkondo mwembamba wa plazima (gesi yenye chaji za umeme), ambao Heber Curtis aliuona mwaka 1918 kama mstari mnyoofu. Shimo jeusi linaloutoa lina masi ya majua bilioni 6.5, nao mkondo unafika miaka ya nuru 5,000 hivi, karibu mara milioni 5 ya kizio cha mvutano cha shimo hilo, GM/c², yaani urefu unaokokotolewa kutokana na masi yake. Kwenye karatasi, ulistahili kuvunjika mapema. Basi jeti isipovunjika katika uigaji wa kompyuta, je, ni thabiti kweli, au gridi, yaani mtandao wa seli ndogo ambamo kompyuta hukokotoa, ni nene mno kuonyesha mvunjiko? Jeti inapopanuka, uga sumaku unaofuata mhimili hupungua kwa kipeo cha pili cha upana. Ule wa kuzunguka hupungua kwa kipeo cha kwanza tu, hivyo ndio unaotawala. Kigezo cha Kruskal na Shafranov kinasema uzi wa sumaku ukizunguka mhimili zaidi ya mara moja katika urefu wa mkondo, mkondo hujikunja kama kamba iliyosokotwa kupita kiasi. Huo ndio mpindo, au modi ya m=1, ambamo mkondo mzima husogea upande mmoja wa mhimili. Uigaji wa vipimo viwili hauwezi kuionyesha kabisa.

Kundi moja la waigaji hukata kipande cha jeti na kukiweka kwenye sanduku ambalo kinachotoka upande mmoja huingia tena kupitia upande wa pili. Seli zote za gridi zinatumika kwenye kipande hicho, na kasi ya kukua kwa mpindo inaweza kulinganishwa na nadharia. Mara nyingi jeti huharibika. Lakini urefu wa sanduku ndio unaochagua mawimbi: L, L/2, L/3, basi. Sanduku likiwa fupi kuliko wimbi linalokua haraka, wimbi hilo halizaliwi. Na kipande hicho kwa kawaida hakipanuki.

Kundi la pili huiga jeti nzima kuanzia kwenye shimo jeusi. McKinney na Blandford waliifikisha mwaka 2009 hadi vizio 1,000, ikiyumba bila kuvunjika. Sababu ya kifizikia ipo: kanieneo ya nje ikishuka haraka kuliko kipeo cha pili cha umbali, jeti hutanuka kiasi kwamba ishara haivuki tena kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na mpindo unahitaji mabavu yote mawili yaelewane. Porth na Komissarov waliitetea hoja hii mwaka 2015. Isitoshe, kigezo cha Lorentz (kipimo cha jinsi mwendo unavyokaribia ule wa nuru) kikiwa 10, mpindo tunaouona kutoka nje hukua polepole mara 10.

Naona kundi la pili lina fizikia bora, ila utulivu wake hupatikana kwa bei rahisi mno. Seli chache kwenye upana wa jeti huyeyusha uga sumaku kabla haujapinda. Gridi ya duara yenye mhimili katikati ya jeti huzuia plazima kuvuka mahali ambapo m=1 inataka ivuke; dawa ni kuilaza jeti mbali na mhimili huo. Kisha kuna nishati ya joto, inayopatikana kwa kutoa nishati nyingine, hasa ya sumaku, kwenye jumla: sumaku ikiwa mara 1,000 ya joto, kosa la asilimia 0.1 katika jumla linatosha kuleta kanieneo hasi. Programu huokolewa kwa kuongeza densiti ya bandia, nayo huizidishia jeti uzito.

Kwa hiyo ningedai seli 10, 20, kisha 40 kwenye nusu kipenyo. Kila hatua inagharimu mara 16: seli mara 8, hatua za muda mara 2. Mpindo upandwe makusudi kwa mtikisiko mdogo wa asilimia 1, kwa sababu ukiachwa uanze kwenye makosa ya kukadiria tarakimu, muda wote wa kompyuta utaisha ukiwa bado mchanga. Mpindo ukikua zaidi kila seli za gridi zinapokuwa ndogo, utulivu wa mwanzo ulikuwa wa gridi.

Hata hivyo, huenda makundi haya yanaeleza sehemu tofauti za kitu kimoja. Jeti inayojichimbia njia kwenye gesi nzito ina kichwa cha polepole. Nyuma yake uga hujirundika mzingo juu ya mzingo, upana haukui, na hali inakaribia ile ya sandukuni. Iliyokuta njia imeshachimbwa hutanuka huru.