Matajiri wetu walitokaje? Swali tunalolijibu nusu

Ukihudhuria semina ya ujasiriamali Dar es Salaam, iwe Sinza, Mwenge au katikati ya mji, majina matatu hayakosekani: Said Salim Bakhresa, hayati Reginald Mengi na Mohammed Dewji. Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14, akaanzia kwenye biashara ndogo ya chakula, leo familia za mji huu zinapika kwa unga wa Azam na kuvuka kwenda Zanzibar kwa boti za Azam. Mengi alianza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake miaka ya 1980, akaja kumiliki viwanda, magazeti na ITV. Dewji aliingia kwenye jarida la Forbes kama bilionea angali kijana. Kisha linakuja hitimisho: na wewe unaweza, acha visingizio.

Nje ya ukumbi, kwenye vijiwe vya kahawa, kuna jibu lililozoeleka: hao walibebwa. Walikuwa na koneksheni, walikuwa na baba, walipewa viwanda vya serikali kwa bei ya kutupa. Mtoto wa Mbagala hana cha kujifunza kwao.

Kauli zote mbili nimezisikia tangu nikiwa mwanafunzi, na hakuna inayonitosha. Jambo hili si la kupigia soga, kwa sababu kuna vijana wanaoacha ajira, wanaouza kiwanja cha urithi na wanaoingia kwenye mikopo kwa kuamini simulizi hizi. Wengine wanakata tamaa mapema kwa kuamini zile za kijiweni.

Nianze kuzitetea simulizi za semina. Anayezidharau amesahau tulikotoka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatiwa na kutaifishwa kwa mabenki, vinu vya unga na makampuni makubwa ya biashara. Kiongozi alikatazwa kumiliki hisa au nyumba ya kupangisha. Mwaka 1983 ikaja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, wafanyabiashara wakakamatwa, na wengine wakatupa bidhaa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Kizazi kizima kilikua kikijua kwamba tajiri ni mnyonyaji. Kutoka hapo hadi Mei 2019, watu walipojipanga barabarani Dar es Salaam kuupokea mwili wa Mengi uliotoka Dubai, ni safari ndefu ya fikra. Mtu aliyekuwa akishukiwa kwa sababu tu ana mali alizikwa kama mtu wa watu. Simulizi za wajasiriamali zilichangia hilo, na nazithamini kwa hilo.

Tena, hoja ya kubebwa haielezi kila kitu. Chukua ubinafsishaji wa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Dewji ni miongoni mwa walionunua viwanda vya umma vilivyokuwa vikisuasua, na MeTL, kampuni ya familia yake, ikavigeuza kuwa sehemu ya himaya yake. Lakini hakuwa mnunuzi peke yake. Wapo waliouziwa viwanda wakavifanya maghala, na wapo walioviacha vikaota majani, hadi serikali ya awamu ya tano ikaanza kuvirudisha mikononi mwake vile vilivyotelekezwa. Kama siri ilikuwa bei ya kutupa tu, wote wangekuwa Dewji. Kuna kazi iliyofanyika pale, na kuikana ni kutotenda haki.

Hata hivyo, tatizo langu kubwa liko upande wa semina. Kalamu za Mengi zinasimuliwa kana kwamba aliyekuwa akiziunganisha alikuwa mtu asiye na kitu. Alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza, aliyerudi nchini mwaka 1971 na kupanda hadi kuongoza kampuni ya kimataifa ya ukaguzi wa hesabu hapa Dar es Salaam. Kwa miaka mingi aliona vitabu vya biashara za watu wengine: nani anapata faida, nani anadanganya, fedha inakwama wapi. Mshahara wake ulilipa chakula wakati kalamu hazijaanza kulipa. Dewji naye alisoma Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, akarudi kwenye biashara ya baba yake iliyokuwa tayari imesimama, na mwenyewe hajawahi kulificha hilo.

Bakhresa ndiye aliye karibu zaidi na simulizi ya kuanzia chini, na kwa sababu hiyo ndiye anayestahili kuchambuliwa kwa makini zaidi. Bidii yake haina mjadala. Ila biashara yake ilipanuka wakati nchi ikitoka kwenye foleni za sukari, sabuni na unga. Kuanzia 1985, Rais Ali Hassan Mwinyi alipofungua milango, mtu mwenye bidhaa bora alikuwa na soko lenye kiu na washindani wachache. Kijana wa leo anayefungua mashine ya kusaga Tandika au Gongo la Mboto anakuta rafu za maduka zimejaa. Nani amezijaza? Bakhresa, Dewji na wenzao. Tunamwambia awaige watu ambao kwanza inabidi ashindane nao.

Twende Kariakoo, Mtaa wa Kongo, asubuhi kabla jua halijakali. Kijana anaingia duka la jumla, anapewa dazeni mbili za fulana kwa mali kauli. Mwenye duka anaandika kwenye daftari jina na idadi, basi. Hakuna mkataba wala dhamana, kuna kuaminiana tu. Jioni anarudi na hela ya zilizouzwa pamoja na fulana zilizobaki, cha juu ni chake. Huyu hahitaji kuambiwa aanze na alichonacho. Alikwisha kuanza. Kinachomshinda ni hatua inayofuata: fremu, yaani chumba cha duka. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, anayehama anadai kilemba, yaani malipo ya kumpisha, dalali ana chake, leseni na mamlaka ya mapato (TRA) wanasubiri. Benki inauliza hati ya nyumba. Mlango ulio wazi ni wa kausha damu, mikopo ya mitaani, na riba yake inakula faida ya fulana kabla hajazikunja.

Hapo ndipo ningependa kusikia matajiri wetu wanasema nini. Aliyekukopesha mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa alikuwa nani, na alikuamini kwa lipi? Ulipopata hasara, nani aliibeba? Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika mjadala wote ule, uzoefu wa watu waliowahi kukopeshwa, wakalipa na wakakua ungekuwa wa thamani kuliko hotuba za kuhamasishana.

Kwa Mengi ningechukua uhasibu kabla ya kalamu. Daftari la mali kauli likitunzwa vizuri kwa miaka miwili linaonyesha mauzo, uaminifu na msimu, na kwa maoni yangu linamweleza mkopaji kuliko hati ya nyumba ya shangazi. Mabenki yetu yangejifunza kulisoma.

Majina matatu niliyoyataja yote ni ya wanaume, na hilo nalo linapotosha. Kariakoo kuna wanawake walioanza kwa kuuza vitenge kwa mkopo maofisini, wakachangishana kwenye vikoba, wakasafiri wawili wawili hadi Guangzhou, China, kufuata mzigo na kugawana kontena moja. Kwa muuza fulana wa Mtaa wa Kongo, njia hiyo bado ipo wazi leo, na aliyeipita anaweza kupatikana ghorofa ya pili ya jengo analolipita kila siku. Waandaaji wa semina wangempa huyo mama saa moja ya kueleza kontena la kwanza lililipwaje, bila kuruka kipengele cha deni.