Mnene aliyechomwa kisu naye ana njaa
Mtu mwenye kitambi akichomwa kisu na vibaka wa Nairobi akapona, mtaani wanasema mafuta ndiyo yaliyomwokoa. Wana hoja. Kisu kifupi huweza kuishia kwenye mafuta bila kufika utumbo, na tafiti za majeraha ya visu zimeonyesha wanene wengi huponea bila kupasuliwa. Risasi haina adabu hiyo.

Wakipasuliwa, mambo hugeuka. Mafuta hayana damu ya kutosha, kwa hiyo mshono hutunga usaha upesi au huachia, na baadaye ngiri hutokeza mahali hapohapo. Mapafu hayajai vizuri akiwa chali. Damu huganda miguuni. Daktari anayeuogopa unene anajua anachokiogopa.

Ila kuna madhara tunayoubambikia unene wakati kosa ni la matibabu. Dawa, kwa mfano: miongozo inataka aliyefikisha kilo 120 apewe gramu 3 za sefazolini, antibiotiki ya kuzuia maambukizi, kabla ya upasuaji badala ya 2. Sasa nani atampima uzito mtu aliyeletwa na bodaboda saa nane usiku, nguo zimelowa damu?

La chakula ndilo linaloniudhi zaidi. Jamaa wanakuja na thamosi ya chai ya rangi na slesi mbili za mkate, wanaambiana huyu afunge kidogo, akiba anayo. Akiba ya nini? Mwili uliojeruhiwa hauchomi mafuta tu ukaiacha misuli. Huivunja misuli upate protini ya kuziba kidonda. Mtu anaweza kuwa na kilo 110 na bado protini imemwishia. Ndiyo maana miongozo ya lishe ya wanene walio mahututi hupunguza kalori lakini hupandisha protini: angalau gramu 2 kwa kila kilo ya uzito unaokifaa kimo chake. Mama ambaye uzito huo ni kilo 55 anahitaji gramu 110 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6.

Nakubali, manesi ni wachache, na kumgeuza mgonjwa wa uzito huo kunataka watu watatu au wanne. Lakini katika utafiti wa kitaifa wa 2014, theluthi moja ya Wakenya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Wodi inawapokea kila siku. Lini mgonjwa aanze kula, hasa utumbo ukiwa umeshonwa, ni daktari anayeamua. Akisharuhusu, mleteeni samaki, mayai na ndengu, chai ibaki nyumbani.