Kidole cha Arundel kiko Madagaska
Nimesoma makala inasema eti Lodi Arundel, yule Mwingereza wa karne ya 17 Thomas Howard, alipenda sanaa tu na picha alizochorwa zilikuwa za kuonyesha mali aliyokusanya, hapo mwandishi sikubaliani naye. Ile ya mchoraji Mytens ya 1618 hivi sawa, kakaa na fimbo anaonyesha sanamu zake zimepangwa nyuma, na mkewe Aletheia kachorwa na ukumbi wa picha. Lakini angalia ya mchoraji Van Dyck ya 1639, wamekaa wote wawili, mama kashika bikari na mzee kidole kakiweka juu ya tufe ya dunia, pale pale Madagaska! Alitaka kupeleka walowezi kule jamani, na Wamalagasi hawakuulizwa kitu, bahati mpango wenyewe ukafa. Mimi mtu wa Mtwara, ng'ambo ya bahari hiyo hiyo, nilipoiona nilisimama muda mrefu nakitazama kile kidole na iliniuma. Kazi yake kwenye sanaa simnyimi, sanamu zake za kale za marumaru ziko Oxford mpaka leo, ila ile ilikuwa picha ya kutangaza koloni. Mnaoishi Vienna, pale makumbusho ilipo hiyo picha, wamewataja Wamalagasi kwenye maelezo ya picha?